Tangi la lita 60 hapa Mtwara, diskasi wataishi?

Kijana wa Chuno:

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa samaki wa mapambo, hasa mlioko huku kusini.

Nina tangi la kioo, urefu sentimita 60, upana 30, kimo 35. Nikipiga hesabu napata lita 63, ukitoa mchanga na nafasi ya juu zinabaki kama 55. Ndani kuna gapi, wanazaana mpaka nagawa kwa majirani. Tangi liko sebuleni, nyumba ya kupanga, Chuno. Maji ni ya bomba, nayalaza usiku kwenye ndoo kabla ya kutumia.

Sasa nilikuwa Dar nikawaona diskasi dukani, wale wa bluu wenye mistari myekundu. Tangu siku hiyo sitaki samaki mwingine. Muuzaji aliniambia watano wadogo wataingia vizuri tu kwenye tangi langu, kwamba samaki hukua kulingana na tangi. Je, ni kweli? Na kwa joto la Mtwara kuna haja ya kununua hita? Pia nimesoma kwamba majani makavu ya mkungu yanashusha pH (kipimo cha asidi ya maji, ikishuka asidi imezidi). Mtaani kwetu mikungu ipo, majani yanafagiliwa kila asubuhi, naweza kuyaokota bure.

Jambo la mwisho, sijui kama linahusika: birika langu limeshika ukoko mweupe ndani, na sabuni ya kipande haitoi povu la maana.

Fundi Vioo Ligula:

Mkuu, habari ya samaki nawaachia wenyewe, mimi nasemea kioo. Ukitaka kupanda hadi tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 50, usikubali kioo chembamba. Weka milimita 10, na juu ufunge mikanda ya kioo kuzuia kuta zisitanuke. Likijaa, maji na kioo vinakaribia kilo 300, kwa hiyo meza ya kawaida ya sebuleni isahau, chomelea stendi ya chuma na chini ya tangi tandika kipande cha sponji. Silikoni iwe ile safi isiyo na dawa. Ile ya bafuni yenye dawa ya kuvu inaua samaki.

Mwalimu wa Mikindani:

Mwanangu wa Chuno, umeliweka birika mwisho, nami naanza nalo, maana majibu yako mengi yamo humo.

Ukoko ule ni chokaa. Pwani yetu imekaa juu ya matumbawe ya kale na mawe ya chokaa. Mvua inapopenya ardhini huyeyusha chokaa hiyo kidogo kidogo, na maji ya kisima yanapanda nayo. Mimi kisima cha nyumbani kimechimbwa kwenye matumbawe yenyewe, nikifua sabuni inakatika utando mweupe kabla ya kutoa povu. Hayo ndiyo maji magumu. Sisi tunayanywa bila neno, na gapi wanayafurahia, ndiyo maana wako wanazaana hivyo.

Diskasi katoka upande mwingine kabisa. Kwao ni bonde la Amazon, katika nchi za Brazil, Peru na Kolombia. Aliyemwandika kisayansi mara ya kwanza ni Johann Jakob Heckel wa Vienna, mwaka 1840, na spishi aliyoiandika inaishi Rio Negro, mto wa maji ya hudhurungi yenye pH ya 4 hadi 5 na karibu hayana chokaa hata chembe. Anakaa kwenye maji yaliyotulia, kati ya miti iliyoanguka na misitu inayofurika msimu wa mvua. Kwa ukoo ni ndugu wa sato na perege, familia moja, lakini maji yaliyomlea hayafanani na maji ya mtu yeyote wa pwani hii.

Hawa wa dukani si wa mtoni. Wengi wamezaliwa kwenye mashamba ya Asia kwa vizazi vingi, wamezoea maji ya pH 7 na hata kuzidi kidogo. Kwa hiyo sitakuambia kwamba maji ya Mtwara yatawaua siku ya kwanza. Ukiwazoesha taratibu na maji yasiyumbeyumbe wataishi. Ila wakitaga usitegemee watoto, kwa sababu chokaa nyingi hulikomaza ganda la yai na mbegu ya dume haipiti vizuri. Na hilo ni hasara kubwa, maana uzuri wa diskasi ninaoupenda mimi kuliko rangi zote ni malezi. Wazazi hutoa ute mzito kwenye ngozi, na vitoto vikianza kuogelea hujibandika ubavuni mwa mama na baba wakiula ute huo. Mmoja akichoka, anajitikisa na kuviachia kwa mwenzake. Samaki ananyonyesha kwa ngozi! Ukiwahi kuliona jambo hilo hutakubali kumweka diskasi mahali ambapo hawezi kulifanya.

Tuje kwenye lita 55. Diskasi mzima anafika sentimita 15, wapo wanaozidi hapo, na kila mmoja anataka kama lita 40 zake. Na hakai peke yake. Ukiweka wawili au watatu, mkubwa atamchagua mmoja wa kumpiga. Utamwona huyo mmoja anakaa kona, anakuwa mweusi, hali, mpaka anakufa. Wakiwa watano au sita ubabe unagawanyika, hakuna anayebeba kipigo chote. Watano mara 40 ni lita 200, na tangi alilolitaja fundi hapo juu ndilo hasa la kuanzia.

Lile neno la muuzaji kwamba samaki hukua kulingana na tangi, nakuomba ulitupe. Samaki hudumaa. Mwili unasimama lakini jicho linaendelea kukua. Ukimwona diskasi mwenye jicho kubwa kuliko uso unavyostahili, huyo alilelewa kwenye maji machafu au finyu, na hatarudi hali yake hata ukimhamishia ziwani.

Sasa sikiliza jinsi birika na udogo wa tangi vinavyoshirikiana kuua. Samaki anatoa amonia kwenye kinyesi na mashavuni. Kwenye tangi lililokomaa kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, na wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo haina ukali. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye kichujio kipya. Amonia yenyewe ina sura mbili, moja sumu kali na nyingine afadhali, na kinachoamua ni pH na joto. Maji ya nyuzi 30 yenye pH 7, sehemu iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Maji hayohayo yakiwa na pH 8, inapita asilimia 7. Yaani uchafu uleule, chakula kilekile, lakini maji yetu ya chokaa yanaufanya ukali wake uzidi karibu mara tisa. Diskasi anataka nyuzi 28 hadi 30, kwa hiyo joto huwezi kulipunguza. Kinachobaki ni wingi wa maji, na hicho ndicho usichokuwa nacho.

Hita ununue. Novemba na Desemba hutaihitaji, lakini Juni mpaka Agosti usiku wa Mtwara unashuka hadi nyuzi 20 na tangi linashuka nalo. Diskasi kwenye nyuzi 24 anaacha kula, na asiyekula anashikwa na magonjwa ya tumbo. Ukiona kinyesi cheupe kama uzi, tatizo limeshaanza.

Halafu umeme. Maji ya joto hushika oksijeni kidogo, kama miligramu 7 na nusu kwa lita kwenye nyuzi 30, wakati ya nyuzi 20 hushika 9. Umeme ukikatika saa tano usiku na tangi limejaa samaki, hewa inakwisha kabla ya asubuhi. Pampu ya hewa ya kuchaji ni kitu cha kwanza kununua, kabla ya taa, kabla ya mapambo, na kichujio kiwe cha sponji ili pampu hiyohiyo ikiendeshe.

Majani ya mkungu ni mazuri kweli, nami nayatumia. Okota yaliyodondoka yenyewe na kukauka, yasiwe ya kando ya barabara wala ya mahali penye dawa za wadudu, yasafishe. Yanatoa rangi ya hudhurungi na tanini, samaki wanatulia na kuvu wanapungua. Lakini pH ya maji yako hayataigusa. Chokaa iliyomo inaimeza asidi ya majani yote utakayoweka. Utapata maji ya kahawia yenye pH ileile 8. Majani yanafanya kazi ukishapunguza chokaa, na chokaa inapunguzwa kwa maji ya mvua.

Korosho Tandahimba:

Mwalimu shikamoo. Hapo kwenye mvua nimekuelewa sana, maana sisi huku uwanda wa juu wa Makonde ndiyo maisha yetu. Nyumba nyingi zina birika la saruji chini ya ardhi la kuvunia maji ya paa, nami ninalo. Niliweka diskasi kwenye tangi la lita 250 kwa maji ya birika hilo. Nilidhani ni laini kabisa, kumbe kipimo kinasoma pH 8 na zaidi. Nimeshangaa, mvua nayo ina chokaa?

Kijana wa Chuno:

Mwalimu, shikamoo, na asante sana. Nimesoma mara mbili. Nimepima nafasi ya sebule, tangi la mita 1 na sentimita 20 halikai, na mwenye nyumba hatakubali kilo 300 kwenye sakafu yake. Nauliza mambo mawili. Kwanza, siku nikiwa na kwangu, mvua za msimu mmoja zinatosha mwaka mzima? Pili, kwa tangi hili nililonalo, kuna samaki wa maana wa kumpenda zaidi ya gapi? Nataka samaki mwenye tabia, anayelea watoto, kama ulivyosema.

Mwalimu wa Mikindani:

Marahaba wanangu wote wawili.

Wa Tandahimba, mvua haina chokaa, birika ndilo linalo. Saruji mpya inatoa chokaa kwenye maji laini kwa muda mrefu, na maji ya mvua kwa kuwa hayana kitu yanaifyonza upesi. Birika la miaka mingi lenye utando wa ndani limetulia, lako nadhani ni jipya au limepigwa plasta karibuni. Kwa ajili ya samaki kinga mvua kwenye tangi la plastiki, uliache birika kwa matumizi ya nyumbani.

Na wewe uliyezungukwa na mikorosho uangalie jambo lingine. Katikati ya mwaka watu wanapuliza salfa kwenye korosho kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na vumbi lile la njano linatua kwenye mabati. Kiangazi chote linakaa hapo pamoja na vumbi la barabara na kinyesi cha ndege. Mvua za kwanza za Novemba au Desemba zinaliosha lote na kulishusha kwenye mfereji. Mvua hizo ziache zipite. Ondoa bomba kwenye tangi mpaka paa lioshwe barabara, maji yakitoka meupe na hayana harufu ndipo uanze kukinga. Bati lenye kutu au la zinki lililochakaa silipendi kwa samaki, zinki ni sumu kwao hata ikiwa kidogo. Bati la rangi ni afadhali.

Wa Chuno, hesabu ya mvua ni hii. Tangi la lita 240, unabadilisha robo yake mara mbili kwa wiki, ni lita 120. Nusu iwe mvua na nusu bomba, basi mvua inayohitajika ni lita 60 kwa wiki. Huku kwetu mvua inakata Aprili au Mei na kurudi Novemba au Desemba, kama wiki 30 za ukavu. Thelathini mara 60 ni lita 1,800. Tangi moja la plastiki la lita 2,000 linakuvusha. Usitumie mvua tupu, maji yasiyo na chokaa kabisa pH yake inaporomoka ghafla na bakteria wa kichujio wanalala. Nusu kwa nusu ndiyo ninayoishi nayo, na hapo majani ya mkungu yanaonyesha kazi yake. Tangi likipungua kwa kukauka, jazia mvua peke yake, kwa sababu kinachopaa ni maji, chokaa inabaki, na ukijazia bomba kila siku ugumu unapanda usijue.

Sasa swali lako la pili limenifurahisha kuliko la kwanza.

Mwanangu, maji ya birika lako yenye ukoko ni kama maji ya Ziwa Tanganyika. Ziwa lile lina pH inayokaribia 9 na ugumu wa kutosha. Wazungu wa mbali wananunua chumvi maalumu za kugumisha maji yao ya bomba ili wafuge samaki wa Kigoma, na sisi tunayo bombani. Huko kuna samaki wanaoitwa kwa sayansi Neolamprologus multifasciatus. Dume hafiki sentimita 5, jike anaishia 3 hivi. Ni ndugu wa diskasi, wa familia ileile ya sato. Wanaishi ndani ya magamba ya konokono waliokufa yaliyolundikana chini ya ziwa. Kila jike ana gamba lake. Anachukua mchanga kwa mdomo, anautema, anachimba mpaka gamba linazama na kubaki tundu tu, mlango wa nyumba. Anataga humo ndani, vitoto vinachungulia mlangoni, ukikaribia kioo vinapotea vyote kwa pamoja. Na wakikua hawafukuzwi. Vizazi vinakaa pamoja, kijiji kizima kwenye sentimita 60 za kioo. Mchukue dume mmoja na majike wachache, kisha waache wapange mambo yao.

Lita 55 zinawatosha. Mchanga wao uwe mlaini, sentimita 5 kwenda juu. Kwa diskasi ningekuambia upime mchanga kwa siki, ukitoa mapovu una chokaa uutupe, lakini kwa hawa mchanga wenye vipande vya kombe ndio unaofaa. Uoshe chumvi yote kwa maji baridi mengi. Matumbawe usichukue baharini hata kipande, yaache yalee samaki wetu. Magamba tumia ya konokono wa shambani, madogo, ukubwa wa kidole gumba, yachemshe vizuri mpaka harufu iishe, na uyaweke mengi kuliko idadi ya samaki ili wasigombanie nyumba. Gapi uwahamishe, watoto wa gapi wataliwa.

Joto la hawa ni nyuzi 24 hadi 27, kwa hiyo shida yako itakuwa Desemba, siyo Julai. Fungua mfuniko, elekeza feni ndogo juu ya maji. Maji yakipaa yanaondoka na joto, utashusha nyuzi mbili tatu. Chakula ni cha chembe ndogo, na viluwiluwi vya mbu wanavipenda sana, vichukue kwenye ndoo safi uliyoitega mwenyewe, na uifunike kabla mbu hawajaruka.

Korosho Tandahimba:

Asante mwalimu, birika lilipigwa plasta mwaka jana, umelenga. Nalisha moyo wa ng'ombe, nimeona wengi wanasifia. Niendelee?

Mwalimu wa Mikindani:

Kwa wadogo wanaokua, sawa, ukiutoa mafuta na mishipa yote na kuusaga laini. Lakini unachafua maji haraka, na kwa joto letu mabaki ya nusu saa tu yanaanza kuoza. Wakubwa nawapa kamba wa feri, nawamenya, nawakatakata, nawagandisha vipande vyembamba. Wapate kidogo mara mbili kwa siku na kinachobaki kivutwe kwa mpira baada ya dakika kumi.

Kijana wa Chuno:

Mwalimu, nimeamua hao wa Tanganyika. Diskasi watasubiri kiwanja changu. Nina jamaa Dar atakayenitafutia kwa wanaopokea samaki kutoka Kigoma. Wasiwasi wangu ni basi, Dar mpaka Mtwara ni siku nzima.

Mwalimu wa Mikindani:

Wanafika salama ukimpa muuzaji masharti. Asiwalishe siku moja kabla, tumbo tupu halichafui mfuko. Mfuko uwe maradufu, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, akiwa na mtungi wa oksijeni ni bora zaidi. Awagawe, wachache kwa kila mfuko, kisha mifuko iingie kwenye deli lenye mfuniko, lisikae kwenye buti juu ya injini. Jamaa yako aongozane nalo au alikabidhi kwa mtu anayemfahamu, na apande la alfajiri ili ufungue mwanga ungalipo.

Wakifika usiwamwage. Mifuko ikishafunguliwa, pH ya maji ya ndani inapanda kwa kuwa hewa chafu imetoka, na amonia iliyokusanyika njiani inakuwa kali papo hapo. Kwa hiyo kwanza iache ielee juu ya maji ya tangi ikiwa imefungwa, dakika 20, ili joto lilingane. Ukishaifungua, fanya haraka, watoe kwa wavu waingie tangini, maji ya safari yamwage nje. Zima taa. Chakula ni kesho yake.

Na magamba yawe yameshapangwa kwenye mchanga kabla hawajafika, watayaingia usiku huohuo.